Shokapu za Wiki ya Saba

Roland Petrik alikuwa amelala chali chini ya gari, tochi mdomoni, kioo cha daktari wa meno mkononi, akiwalaani watu ambao hata hawakuwepo. Gari lilikuwa la baba yake, mzee Emil, aliyelinunua jipya mwaka sitini na tisa, lenye injini ya kutikisa vyombo kabatini. Roland alikuwa amelirudisha ujanani: rangi, viti, mikanda, hata alama za chaki ambazo wafanyakazi wa kiwanda waliziacha kwenye chuma. Zilibaki shokapu tu, zile za kuzuia gari lisinesenese, na hizo shokapu zilikuwa zimemkosesha usingizi.

Si kwamba zilikosekana. Za kuigiza zipo tele siku hizi, na yeye mwenyewe alikuwa na seti nzima rafuni, mpya, imara, rangi ileile ya kijivu. Lakini kwenye maonyesho ya magari ya kale, waamuzi wa klabu nao huingia uvunguni na vioo vyao, wakasoma namba iliyogongwa kwenye shokapu, inayoonyesha ilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani. Namba ikiwa ya juzijuzi alama zinakatwa, na kikombe anaondoka nacho mtu usiyeweza hata kumwangalia.

Mzee Emil hakutaka kusikia habari za alama. Alikuwa na ombi moja tu: apelekwe Ziwa Huron ndani ya gari lake, kama alivyokuwa akienda na marehemu mkewe, kabla mgongo haujamlaza kabisa. Daktari alishamwambia kwamba kiangazi hiki kikiisha, asitegemee tena kukaa kitini kwa safari. Roland akawa anampiga danadana tangu theluji ilipoyeyuka, eti subiri zipatikane za orijino. Doreen, mkewe, alimwambia afunge zile za rafuni, ampeleke mzee, kisha azifungue akitaka. Roland akajibu kwamba gari la heshima halifanyiwi kazi nusunusu. Sikio la kufa halisikii dawa, na Doreen akachoka kusema.

Mwezi wa saba zikapatikana, kwa mvunja magari mmoja wa Ohio. Wiki ya saba, mwaka sitini na tisa. Roland alikaribia kulia kwa furaha. Alipozibonyeza ziliingia bila ubishi na hazikurudi, na ubavuni mafuta yalikuwa yamevuja zamani yakakauka. Alijua kabisa kwamba zimekufa. Akazisafisha, akazipaka rangi taratibu asizibe namba, akazifunga.

Siku ya maonyesho alimwambia baba yake kwamba leo ndiyo leo: watapita kwanza kwa waamuzi, ambao hufunga kazi saa sita, kisha moja kwa moja ziwani. Ilibidi gari lifike kwa magurudumu yake lenyewe, na uwanjani jeki ilikuwa marufuku, hivyo shokapu zisingeweza kubadilishwa hukohuko. Doreen alifuata nyuma na gari lake la kila siku, akiwa na mikate na saladi ya viazi.

Barabara za Michigan zikishapita majira ya baridi hubaki mashimo matupu. Kwenye shimo la kwanza gari lilinesa, na likaendelea kunesa hata shimo lilipokwisha kusahaulika. La pili mzee akashika dashibodi. La tatu akatoa mguno ambao Roland hakuwahi kuusikia kutoka kwa baba yake. Roland akaegesha kando.

"Umeweka nini humu?" mzee aliuliza alipopata pumzi.

"Shokapu orijino, baba. Kama zilizokuja na gari."

"Zilizokuja na gari nilizitupa."

"Ulizitupa?"

"Hata mpya zilikuwa zinarusha. Mama yako alikuwa na mimba yako. Tulikwenda ziwani, njia nzima kashika tumbo. Kesho yake nikazing'oa, nikaweka nyingine."

"Sasa mbona hukuniambia, baba?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unawauliza watu wa Ohio."

Roland alikasirika, tena vibaya. Aliikasirikia barabara, akamkasirikia mzee kwa kukaa na neno hilo miaka yote, na alipomaliza wote hao akabaki yeye mwenyewe wa kukasirikiwa. Doreen alikuwa ameshafika mlangoni. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimshika mzee kwapani, akamhamishia kwenye gari lake, akakilaza kiti na kumwekea mto mgongoni.

"Turudi nyumbani ukafunge zile za rafuni," alimwambia mumewe.

"Waamuzi wanafunga saa sita."

"Najua wanafunga saa ngapi, Roland."

Walipofika njia panda, Roland aliona kwenye kioo taa ya Doreen ikiwaka kushoto. Kushoto kulikuwa ni ziwani. Alipunguza mwendo, nafasi ya kukata kona ilikuwepo. Akatazama saa, akanyoosha mbele.

Mwamuzi mkuu, bwana mmoja mpole aitwaye Harlan Boyce, alitoka chini ya gari na majani kichwani, akicheka kwa raha. Alama zote. Alisema hajaona chuma kama hicho kwa miaka mingi, na kwamba klabu ingependa picha moja tu.

"Nasikia mwenyewe wa kwanza bado yupo. Mwite aje aketi kwenye usukani."

"Amekwenda ziwani," Roland alisema.

"Gari lake si hili hapa? Amekwenda na gari gani?"

"La mke wangu."