Muhuri Uko Kwangu

Kanisa letu la mtaa wa Jebel lina muhuri mmoja, nao unakaa kwangu. Wino unakaa kwa Pasta. Tulipanga hivyo baada ya pasta wa zamani kuuza nusu ya kiwanja cha kanisa kwa barua aliyoigonga muhuri peke yake. Mimi ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, niliacha shule darasa la tano, lakini faida ya mlango wenye kufuli mbili naijua.

Alhamisi Pasta Alfayo aliniita ofisini. Mheshimiwa Loro, mbunge wetu, alikuwa amekaa pale akijifuta jasho. Mezani kulikuwa na barua, na kopo la wino limeshafunguliwa.

"Mzee Matiya, gonga hapa," Pasta alisema.

Nasoma polepole, lakini nasoma. Barua ilitaka kliniki ya Sista Scovia ifungwe kwa sababu inatoa mimba.

"Makanisa matatu yameshaandika," Pasta aliongeza. "Tumebaki sisi. Wanauliza kama tunamwogopa Mungu au tunamwogopa nesi."

"Na wewe, Mheshimiwa, unasemaje?"

"Mimi iko katikati, mzee wangu. Maaskofu wananipigia asubuhi, akina mama wananipigia jioni. Wewe gonga, mimi nipeleke, kalas, yameisha, niende kula."

"Ukishakula, mwanamke anayetoka damu hapa Jebel akimbilie wapi?"

Alijifuta jasho tena.

Mke wangu Namukasa alikimbilia kwa Scovia miaka minne iliyopita. Mimba ya miezi minne, damu haikatiki, na moyo wa mtoto bado unapiga. Scovia aliniambia wazi kwamba akingoja, nitazika wawili. Nikamwambia aitoe mimba, amwokoe mke wangu. Kanisani tulisema ni malaria. Pasta Alfayo mwenyewe alikuja nyumbani akaiombea hiyo malaria.

"Sigongi," nilisema.

"Basi rudisha muhuri."

"Muhuri unachukuliwa na waumini, Jumapili, kwa kunyoosha mikono. Kanuni hiyo uliiandika wewe."

Mheshimiwa alicheka hadi akakohoa. "Pasta, amekufungia nje kwa kufuli yako!"

Nyumbani nilimkuta Namukasa anachambua maharagwe. Nikamweleza. Nikamwambia naweza kukataa bila kumtaja.

"Halafu useme nini, Baba Kisakye? Kwamba una kichwa kigumu? Hiyo wanaijua tayari." Akatupa kijiwe nje ya mlango. "Nitasema mimi. Damu ilikuwa yangu."

"Watakusengenya mpaka sokoni Konyo Konyo."

"Wasengenye. Scovia akifungiwa, mwingine atakufa."

Jumapili Pasta alieleza kwamba mzee mmoja anazuia kazi ya Mungu. Kabla hajaomba mikono, Namukasa alisimama.

"Pasta, uliniombea malaria. Haikuwa malaria."

Akasema yote, bila kulia. Aliposema moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, mzee mmoja wa mbele alisema kwa sauti, "Muuaji." Niliinuka. Namukasa alinitazama mara moja, nikakaa.

Mama Teresina, mkuu wa akina mama wa kanisa, aliacha kiti chake akaenda kusimama karibu naye. Akafuata Lillian wa kwaya. Kisha wengine, mpaka nikashindwa kumwona mke wangu.

"Wanaotaka muhuri utoke kwa Matiya," Pasta alisema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo, "wanyooshe mkono."

Wanaume karibu wote walinyoosha. Niliwatazama mmoja mmoja. Milango yao nimeitengeneza mimi. Mwanamke hakunyoosha hata mmoja, na katika kanisa letu wanawake ndio wengi.

Nje, Mheshimiwa Loro alikuwa anangoja kwenye gari. "Barua iko wapi?"

"Haipo," Pasta alimjibu, akapita bila kunisalimia.

Jumatatu Scovia alifungua kliniki kama kawaida. Muhuri nimeurudisha kwenye sanduku la vyuma. Pasta akiandika barua nyingine kama ile, aje na wino wake. Jibu analijua.