Kope za Samia

Damu tulikuwa tunaipika wenyewe, mimi na dada yangu Samia, kwenye jiko la mkaa nyuma ya bweni. Sukari, maji, unga wa ngano kidogo ili ishike, na ile rangi nyekundu wanayotilia ubuyu. Ukiikoroga mpaka ipoe inakuwa damu kabisa, ila inanukia peremende na sisimizi wanaipenda.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita, walipokuja kutoka Dar kupiga sehemu ya kwanza ya Korido ya Nne. Ni filamu ya muuaji anayevaa gunia usoni, anawafuata wanafunzi wa chuo bwenini, mmoja mmoja. Walikodi bweni la chuo kimoja nje ya mji wetu wa Bagamoyo, wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa makwao. Mimi na Samia tulikuwa wafanya usafi pale. Tulimaliza darasa la saba, tukapewa fagio na ndoo, tukashukuru.

Msichana aliyetakiwa afe mwisho hakutokea. Alipata kazi nyingine huko Dar, akazima simu. Mwongozaji wao, Abdullatif, akatuangalia sisi wawili tumeegemea fagio zetu.

"Nani kati yenu anaweza kulala macho wazi bila kupepesa?"

"Mimi," Samia akasema, hata hajajaribu.

Akalala pale koridoni. Abdullatif akahesabu kwa sauti, akafika arobaini, akafika sabini. Samia yuko vilevile, macho makavu, anaangalia dari.

"Huyu kope zake zimepigwa gundi," akasema Feisal, kijana anayecheza muuaji.

Basi filamu ikaishia kwake. Kwenye picha ya mwisho amelala koridoni, damu yetu ya ubuyu imetapakaa shingoni, macho wazi, na muuaji hajulikani alikoenda. Vibanda vyote vya video viliionyesha. Samia akawa anaitwa Maiti mtaani, na jina likampendeza. Nyumbani ndiyo ukawa mchezo wake. Unaingia chumbani unamkuta amelala chali, macho wazi, hapumui. Unamwita, kimya. Unamfinya, kimya. Mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka jirani yetu Bi Mosi akaja na mwiko mkononi. Baadaye nikajifunza dawa yake: kukaa tu. Mimi ni mtu wa kusubiri, nimeumbwa hivyo. Nakaa kizingitini, nahesabu kimoyomoyo, na mwisho kope lazima zipepee, naye anacheka.

"Wewe mwanamke una roho ya mamba," ananiambia. "Huna hata haraka."

Mama hakuupenda mchezo huo. Alisema macho ya maiti hayachezewi. Mtu akikata roho, kitu cha kwanza ni kumfumba macho, halafu unamfunga kidevu, halafu unamfunika. Hayo kwetu anayajua hata mtoto.

Samia alifariki mwaka jana, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Aliumwa homa siku nne. Siku ya pili tulimpeleka hospitali, akapewa dawa, akapata nafuu, tukarudi nyumbani. Mama alikuwa Lugoba kwa dada yake aliyevunjika mguu, na Samia mwenyewe alikataa tumwite. "Atapanda gari kwa ajili ya homa? Mwache."

Alfajiri ya Ijumaa nilitoka kuchota maji ya udhu. Niliporudi, alikuwa amelala chali, macho wazi, anaangalia dari.

Kilichotokea pale nitakisimulia baadaye, kwa sababu wakati ule sikumsimulia mtu yeyote. Waliojua kitu ni Bi Mosi na wanawake wenzake walioosha, nao hawasemi waliyoyaona kwenye maiti.

Mama alipigiwa simu saa mbili asubuhi. Maji yalikuwa yamekata barabara, na basi lao likakwama Msata mpaka mchana. Wazee wakasema maiti hacheleweshwi, na leo Ijumaa, atasaliwa na watu wengi. Samia akazikwa baada ya sala. Mama aliingia uani alasiri, khanga imelowa mpaka magotini, akakuta wanawake wanasoma na kitanda kimeinuliwa kusimamishwa ukutani. Hakulia. Alinishika mkono akaniuliza, "Nani alimfumba macho?"

"Mimi, mama."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

Tangu siku hiyo hakulitaja jina la Samia hata mara moja. Alisema "yule" au "mwenzio". Lakini swali lake hakuliacha. Tunapepeta mchele, halafu anauliza: alifumbwa macho vizuri? Nasema ndiyo. Baada ya wiki anauliza tena, kama mtu anayerudi kuangalia kama alifunga mlango. Mwaka mzima na zaidi nikawa namjibu ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Nilitaka kumwambia ukweli. Niliogopa kwamba, akishajua, hata hicho kidogo anachokishika kitamponyoka, na mimi nitakuwa mtu aliyemwacha mwanawe atazame dari.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Abdullatif akarudi. Safari hii alikuja nyumbani kwanza. Alivua viatu nje, akakaa mkekani, akamwamkia mama shikamoo, akatoa pole. Halafu akazungukazunguka na maneno kama mtu anayetafuta pa kuteremkia.

"Sema, baba," mama akamwambia.

Akasema wanapiga sehemu ya pili. Inaanza palepale ya kwanza ilipoishia, dakika ileile, koridoni. Wanamhitaji Samia akiwa amelala. Samia hayupo, na mimi nimefanana naye mno, hasa nikilala. Lakini hawezi kunichukua bila idhini ya mama.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilijua mama atakataa. Niliomba akatae.

"Nani anamfunika?" mama akauliza.

"Nani huyo, mama?"

"Maiti wenu."

"Hafunikwi. Tunamwacha vile, macho wazi, ili watu waogope."

"Tangu ile filamu ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka mitatu yuko chini, na hakuna aliyemfunika."

Abdullatif alitaka kutabasamu, akaona uso wa mama, akaacha. Mama akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua.

"Atakuja," akasema. "Na mimi nitakuja naye."

Usiku wa filamu tuliutengeneza saa tatu asubuhi. Madirisha ya korido yalizibwa kwa nailoni nyeusi, taa moja ya buluu ikawekwa mwisho kabisa, na joto likajaa kama ndani ya tanuri la mikate. Damu niliipika mwenyewe. Nilivaa gauni la njano alilovaa Samia, walikuwa wamelitunza kwenye mfuko wa plastiki, bado lina madoa ya zamani. Mama alikaa nyuma ya kamera kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Abdullatif alikuwa na picha ya zamani kwenye kompyuta. Alinilaza, akanipanga mkono, akanivua ndara ya kushoto.

"Ni ya kulia," nikamwambia. "Ya kushoto alibaki nayo. Kidole gumba kilitokeza."

Akaangalia kompyuta yake, akairudisha ya kushoto, akavua ya kulia.

Feisal akaja na gunia lake mkononi, bado hajalivaa. Huyu Feisal akiona kuku anachinjwa anahama uani, lakini mtaani watoto wanamkimbia.

"Mwanvita, mimi ndiye niliyekuua. Ukikohoa unaniharibia jina."

"Vaa gunia lako, wewe."

"Nakuja, nakuruka, napotea. Usinishike mguu tu, nitazimia."

Watu wakacheka kidogo. Halafu wakanyamaza, taa ya kamera ikawaka, Abdullatif akasema tuanze.

Nikafungua macho nikaangalia dari. Ni dari niliyoifuta buibui miaka mingi, lakini sikuwahi kuiona nikiwa chini yake. Kuna doa la maji pale juu, kubwa kama sinia. Samia alikuwa analiangalia hilo doa. Nikaanza kuhesabu ili nisipepese. Nilipofika ishirini, sisimizi wa kwanza akapanda shingoni, akiifuata sukari. Akaja wa pili. Nilipofika arobaini macho yakaanza kuwaka, na hapo nikagundua ninahesabu kama nilivyohesabu alfajiri ile.

Kwa sababu nilihesabu. Niliingia na ndoo, nikamwona amelala chali, nikamwambia, Samia, acha, leo unaumwa. Hakujibu. Nikasema haya, tutaona. Nikakaa kizingitini kama kawaida yangu. Nilihesabu mpaka mia, nikaanza upya. Niliona kama kope imetikisika, nikafurahi, nikaendelea kusubiri. Adhana ilipita, jogoo wakanyamaza, jua likagusa ukuta wa chumba, na mimi nimekaa, namwonyesha kwamba sina haraka. Nilipokwenda kumgusa alikuwa wa baridi. Bi Mosi alipokuja, kope zilikwisha kukakamaa. Alijaribu kwa kiganja, akajaribu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, zikafika nusu tu. Alizikwa nusu anatazama.

Nikasikia kiti cha plastiki kimelia.

"Mama," mtu akanong'ona. "Mama, bado tunapiga."

Hatua zake nazijua, anaburuta kidogo mguu wa kulia. Akapiga magoti pembeni yangu. Alinukia mafuta ya nazi na udi. Sikugeuza macho, nilikuwa bado nahesabu, sijui nilikuwa kwenye namba gani. Akasema bismillahi. Kiganja chake kikashuka toka kwenye paji la uso wangu, taratibu, kikapita machoni, na kope zangu zikafumba chini yake. Akakiacha hapo.

Nikasikia mkoba unafunguliwa, kitambaa kinachanwa. Akanipitishia utepe chini ya kidevu, akaufunga utosini. Akaninyoosha mkono niliopangiwa, akaurudisha ubavuni. Akatoa khanga nyekundu, mpya, bado ina ule ugumu wa dukani, akanifunika kuanzia miguuni. Aliifikisha usoni, akainama, kichwa chake kikawa karibu na sikio langu.

"Hivi ndivyo ulivyomfanyia?"

Ndani ya ile khanga kulikuwa na mwanga mwekundu. Kidevu kimefungwa, lakini maneno yalipita.

"Hapana, mama."

Mkono wake ukatua juu ya khanga, kifuani kwangu.

"Nilidhani anacheza. Nikakaa nasubiri apepese. Mpaka jua likatoka. Bi Mosi hakuweza kuyafumba, yalifika nusu."

Mkono wake ulikuwa juu ya kifua changu, nao haukuondoka. Nilihisi uzito wake ukiongezeka, kama mtu aliyeegemea ili asianguke. Sisimizi walikuwa wamejaa shingoni. Nikasubiri aniinue, au anipige, au atoke aende zake na mimi nibaki pale chini.

"Ulikaa naye?" akauliza.

"Nilikaa kizingitini."

"Muda wote huo?"

"Muda wote, mama. Sikutoka."

Akavuta pumzi, ikakatika katikati.

"Kwa hiyo hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake."

"Basi lala hivyohivyo," akasema. "Nimalize."

Akaivuta khanga ikafunika uso wangu wote, akaipiga mikunjo pembeni, huku na huku, kwa mkono mwepesi wa mtu anayetandika kitanda cha mtoto aliyelala. Hakunisomea dua ya maiti, maana mimi ni mzima na yeye anaijua mipaka yake. Alisema jina tu. Samia. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje kula. Halafu akalia.

Nilitaka kumshika. Lakini aliniambia nilale, nikalala.

Alipoifunua khanga na kunifungua kidevu, nilikaa nikaona korido nzima. Abdullatif alikuwa amesimama mbele ya kamera yake, mikono kichwani. Mwisho wa korido, kwenye ile taa ya buluu, Feisal alisimama na panga lake la bati. Alipaswa kuja kuniruka. Alikuwa amelivua gunia, amelikumbatia kifuani, na viatu vyake amevipanga ukutani, yuko peku.

"Mama," Abdullatif akasema, "tumezipiga hizo picha zote. Nisamehe. Hakuna aliyekumbuka kuzima. Ukisema nizifute, nazifuta sasa hivi, mbele yako."

Mama alikuwa anapangusa sisimizi shingoni kwangu kwa ncha ya khanga yake, mmoja mmoja.

"Zinakaa wapi kwenye hadithi yenu?"

"Mwanzo kabisa."

"Ziache. Wote waliomwona chini wamwone amefunikwa." Akafikiri. "Na huyo wenu wa gunia asimruke."

"Hatamruka, mama," Feisal akajibu toka kule mwisho. "Atapita pembeni."

Tulirudi kwa miguu, mama hakutaka pikipiki. Ile khanga mpya aliikunja akaitia mkobani, na gauni la njano aliliomba, wakampa. Njiani tulipita kwa Bi Mosi. Alikuwa kibarazani anachambua mchicha, na alipomwona mama ameshika gauni lile, aliacha kuchambua.

"Shikamoo, Bi Mosi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama akakaa naye, akachukua fungu la mchicha, akaanza kuchambua.

"Mwanvita amenieleza macho ya Samia," akasema. "Na wewe nieleze yaliyobaki. Ulimwoshaje, tokea mwanzo."

Bi Mosi akaniangalia. Mimi nikavua ndara, nikakaa kizingitini, nikasikiliza.