Uhuru wa Nyumba ya Bibi

Likizo hii ya Aprili, ya kwanza tangu bendera yetu ipandishwe, nilirudi Msambweni nikiwa nimesoma kila kinachosomeka kuhusu uhuru. Bweni zima lilikuwa likiniita Mheshimiwa na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, sikuwakataza.

Nilimkuta bibi yangu, Bi Biasha, akijiandaa kuezeka nyumba. Alhamisi mimi na Alfani, kijana wa jirani, tuliezua makuti yote yaliyooza, paa likabaki miti mitupu. Jumamosi majirani wangekuja kuezeka upya. Mzee Chirau, fundi wa kuezeka, alikuwa ameshaomba ruhusa ya siku moja kazini kwake, kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi. Ilibidi kazi iishe siku hiyo hiyo, maana mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika.

Ijumaa Bibi alinipa sahani ya Bi Mwanapili, mamake Alfani, niirudishe. Ilikuwa imekuja kwetu na vitumbua. Sasa Bibi aliijaza ndizi mbivu, kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukiirudisha tupu umesema: tumeachana. Njiani nilizila ndizi zote. Nilitaka kumchekesha Alfani. Nikasimama uani kwao, nikaiinua sahani kwa mikono miwili, nikatangaza kwa sauti ya redio kwamba kuanzia leo nyumba ya Bi Biasha ni huru, inajitegemea, na haipokei wala haitoi vitumbua.

Alfani alicheka mpaka akakaa chini. Mamake hakucheka. Aliipokea sahani, akaitazama, akasema, "Haya, mwanangu. Hongereni."

Jumamosi hakuja mtu.

Bibi alichukua bakora yake, akasema anakwenda kuwaamkia watu, akaniacha na rundo la makuti na mbingu nzima juu ya kitanda chake. Nilingoja mpaka jua likawa kali, kisha nikapanda mwenyewe. Nikafunga safu ya kwanza juu kabisa, nikashuka kuitazama, nikajipongeza.

"Mheshimiwa," Alfani aliita kutoka kwao, "makuti huanziwa chini, ya juu yakaja kuyalalia. Hivyo unamwekea Bibi mfereji."

"Ni mtindo mpya."

"Naona. Hata kuku wanaushangaa."

Ngurumo ikasikika upande wa Gazi. Nikaenda kwa Bi Mwanapili na hotuba ya kuomba radhi yenye sehemu tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ubalozi?"

"Nimekuja kama jirani."

"Jirani ni nini? Wewe ndiye uliyesoma."

"Ni mtu anayekaa karibu na mwenzake."

"Mbuzi wangu anakaa karibu kuliko wewe, na hanitangazii kitu."

Sehemu zote tatu za hotuba zikanitoka kichwani. Ndipo nikasikia kicheko jikoni. Bibi alikuwa ameketi humo, kikombe cha kahawa pembeni, akimenya muhogo wa kuwapikia waezekaji. Kumbe Bi Mwanapili alishamsimulia habari ya sahani, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapitia watu alfajiri na kuwaambia waje baada ya adhuhuri.

"Tulitaka kuiona serikali yako inavyofanya kazi," alisema.

"Na mvua je, Bibi?"

"Ndiyo maana hatukukupa siku mbili."

Wakaja na panga na kamba zao. Mzee Chirau aliifungua safu yangu, akaanza upya chini, na hilo lilinichoma kuliko tusi. Mimi nilipewa cheo cha kurushia watu makuti, na kila niliporusha vibaya Alfani alinipigia saluti. Matone ya kwanza yalianguka wakati wanafunga kilele.

Bibi aliingia ndani, akatazama juu, hakuona mbingu. Akateleka mchuzi wa jioni, akakuta chumvi imekwisha. Hakuniambia niende wapi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, gunia kichwani, nakimbilia kwa Bi Mwanapili mikono mitupu, kama mtu asiyejua aibu.