Nizikwe Jumapili

Scovia aliniambia, mama, Alhamisi twende wote Homa Bay, kuna mkutano wa wafanyakazi, nataka wakuone. Nikavaa viatu, tukatoka Suna asubuhi.

Scovia ni mkamwana wangu. Mimi sikuzaa mvulana, na kwetu Wakuria mama asiye na mvulana anaweza kutoa ng'ombe aoe msichana, awe mke wa mtoto ambaye hakuzaliwa. Watoto wakija ni wa nyumba ya huyo mama. Nilitoa ng'ombe zangu. Scovia akaja, akanizalia wajukuu, akasomea taipu, serikali ikamwandika kazi Homa Bay. Hao ndio watu wangu wote.

Sasa serikali ilitaka kubadilisha sheria za kazi. Zamani mfanyakazi akifiwa anamwomba mkubwa wake ruhusa, anaenda matanga, anarudi. Sheria mpya ilisema ruhusa ni ya kuzika mume au mke, mtoto, baba na mama mzazi. Ukienda kuzika mwingine siku ya kazi, umeacha kazi. Na mimi nikifa, nani atakaa kwa nyumba yangu mpaka matanga yaishe, kama si Scovia?

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama mmoja Mjaluo akanisogezea kiti, akasema, "Dani, kaa hapa," yaani nyanya kwa kwao. Mkubwa aliyetumwa kusikiliza watu aliitwa Ombui. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, anapangusa pua kila mara.

"Kila Ijumaa ofisi ni tupu," akasema. "Kuna mtu hapa amezika nyanya yake mara nne."

"Si babu alioa wanne, bwana mkubwa?" Huyo alikuwa Caleb, dereva. Watu wakacheka, hata Ombui.

Scovia akasimama. "Mimi napinga hiyo sheria. Mama wa nyumba yangu hayumo."

"Mama mkwe? Bwana yako apewe ruhusa kazini kwake, amzike mama yake."

"Bwana hayuko."

"Pole. Alikufa lini?"

"Hakuzaliwa."

Wakacheka tena, lakini wale wa Kuria hawakucheka. Scovia akanionyesha kwa mkono. Nikasimama.

"Mama, wewe ni nani wake?" Ombui akaniuliza.

"Mimi ndiye nilitoa ng'ombe."

Akaniangalia, akapangusa pua. Akafikiria sana, nilimwona. Kisha akamwambia Scovia kwa sauti ya chini, kama anayesaidia, "Sikiliza, dada. Sema huyu ndiye mama yako mzazi. Niandike jina lake, yaishe."

"Mama yangu mzazi yuko Isebania. Ni mzima."

"Basi chagua mmoja. Mtu ana mama mmoja."

"Sichagui," Scovia akasema. "Ukiandika, andika kwamba nimepinga." Akaketi.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilidhani nitasikia uchungu, au hasira. Sikusikia kitu. Niliangalia dirisha, nikaona wanawake wanaanika dagaa wa omena. Yule mama Mjaluo akanivuta nguo, nikaketi.

Tukirudi nyumbani, tulipofika Rodi Kopany, Scovia alishuka kunitafutia ndizi. Akarudi akasema, "Wakipitisha, wapitishe. Nitakuzika hata Jumatatu. Wanifukuze."

"Na watoto watasoma na nini?"

Akanimenyea ndizi kama mtoto. Nikala.

Walipitisha mwaka uliofuata, neno kwa neno kama ilivyosomwa. Scovia bado yuko kazini. Anakuja kwangu Ijumaa jioni, Jumamosi tunaenda kanisa la Sabato, Jumapili anarudi.

Juzi nilimwita Magige, mzee wa kanisa letu. Nikamwambia nikifa siku yoyote, aniweke mochari mpaka Jumapili. Matanga yaanze Ijumaa jioni, yaishe hiyo Jumapili nikizikwa.

"Mama, matanga ya siku mbili? Watu watasema ulitupwa."

"Wacha waseme."

Akasema ni sawa. Nikamwomba asimwambie Scovia sasa. Akanywa chai, akaondoka, nikaosha vikombe.