Maziwa ya Gwiza Yatoka Bombani

Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili na robo, bomba la uani kwa Bernardine, mtaani Kavimvira, kando ya ziwa, lilikohoa mara mbili kisha likatoa maziwa. Majirani walifurahi mno, maana bomba hilo halikuwa limetoa kitu chochote kwa siku tisa. Walileta bidoni zao za njano za kutekea maji, wakapanga foleni, na Blandine wa nyumba ya pili akagombana na mtu aliyeruka foleni, kama kawaida. Maziwa yalikuwa bado ya moto, na yenye povu.

Bernardine, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alionja kwa kidole, akaonja tena. Aliwahi kuishi Rurambo, kule milimani, akiwa mke wa Kagabo mfugaji, na ulimi wake haukuwa umesahau. Haya yalikuwa maziwa ya ng'ombe wa Kagabo. Walipoachana, mahakama ilimwamuru Kagabo ampe binti yao Gwiza lita moja ya maziwa kila siku, pamoja na karo ya shule. Hakutoa hata tone. Sasa Gwiza ana miaka kumi na saba, na tangu Septemba amerudishwa nyumbani mara tatu kwa kukosa karo.

Bernardine alijaza chupa akatimua mbio hadi mahakamani. Karani Evariste, mtu anayependa sheria jinsi wengine wanavyopenda mpira, alionja maziwa, akafungua faili, akahesabu kwa vidole.

"Mama Gwiza, hii dosie yako inakufa kesho kutwa, saa tisa. Miaka kumi inatimia toka hukumu. Kisha hapo, hata Kagabo apite hapa na ng'ombe mia, hauko na haki ya kumuomba kitu."

"Na hii maziwa?"

"Maziwa haiko na jina la muntu." Kisha Evariste akasimama kwa furaha, kiti kikaanguka. "Lakini kama mwenye deni anakubali mbele yangu kama amelipa hata kidogo, miaka inaanza tena toka zero! Aseme tu, 'iko yangu.' Miye naandika, yeye anatia sinyatire yake chini."

Kazi ikawa hiyo: kumfanya Kagabo atamke maneno mawili kabla ya Ijumaa saa tisa.

Kumwita hakukuwa na haja. Ng'ombe wake kumi na wanne hawakuwa wakimpa maziwa tangu Jumatano, isipokuwa yale ya ndama, ambayo hayakuguswa. Alishuka kuja kushtaki wizi. Bahati mbaya, binamu yake aliyesomea sheria kidogo alimwonya asiseme chochote ni chake kabla deni halijafa saa tisa. Hivyo Ijumaa, saa nane kamili, Kagabo aliketi kwenye benchi la karani, akakodolea macho saa ya ukutani. Evariste alipomuuliza kofia iliyo magotini pake ni ya nani, alisema haijui. Fimbo iliyoegemea kando yake pia hakuijua.

Saa nane na dakika hamsini Bernardine aliingia na glasi iliyojaa maziwa ya bombani, ya asubuhi ile ile.

"Karibu maziwa, Papa Gwiza."

Mfugaji hakatai maziwa anayokaribishwa. Kagabo alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho.

"Iko ya ng'ombe za Bwegera, kule mu bonde," Bernardine alisema, "zile zinakula majani ya mupunga. Iko maji-maji kidogo, utanisamehe."

Kagabo aliweka glasi chini kwa nguvu. Mshipa ulimsimama shingoni.

"Kweli, iko nyepesi," alisema Evariste, kalamu tayari.

Dakika nne zilibaki. Kagabo alishika benchi kwa mikono yote miwili. Mtu mzima alikuwa akitokwa jasho kama anayebeba gunia.

"Na yule ng'ombe mwenye alitoa hii maziwa," Bernardine alisema polepole, "wanasema hata jina hana."

"Iko na jina!" Kagabo aliruka wima. "Anaitwa Gaju! Mama yake nilimuzalisha na mikono yangu, mvua inanyesha! Weye unajua nini mu mambo ya ng'ombe? Hii maziwa iko yangu!"

Evariste alikuwa ameshaandika. Kagabo aliitazama ile karatasi. Kukana maneno yake kungekuwa kumkana Gaju mbele ya watu, na hilo haliwezekani. Akatia sahihi. Muhuri ukagongwa saa tisa kasoro dakika moja.

"Deni iko muzima!" Evariste alipiga kelele. "Miaka kumi mingine!"

Blandine, aliyekuwa akichungulia dirishani, alipiga vigelegele. Bernardine alilia kwa furaha, akamkumbatia karani, kisha mlinzi wa mlangoni. Kagabo naye alipongezwa. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo yake, akapanda Rurambo bila kuacha kitu, na katika shangwe ile hakuna aliyekumbuka kumwomba karo.

Jumamosi bomba lilitoa maji.

Jumatatu Gwiza alikwenda shuleni na ile karatasi ndani ya plastiki. Mkuu wa shule aliisoma yote, akausifu muhuri jinsi ulivyokaa vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili, kisha akamwambia aende nyumbani.