Nyama ya Watu Arobaini

Ukoo mzima ulimwita Mizani, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Alikuwa mpishi mkuu katika jiko la kiwanda, na chakula alichokipika yeye hakikupungua wala hakikubaki cha kumwaga. Shemeji zake walimtania kwamba hata ndoto zake anaziota kwa gramu. Kwa hiyo mama yao alipokaribia kutimiza miaka themanini, hakuna aliyeuliza nani atapika. Angepika Mizani, tena ile nyama ambayo mama aliipenda kuliko zote: ya ng'ombe, yenye mfupa, inayotiwa kwenye moto mdogo tangu alfajiri mpaka inaachia mfupa yenyewe.

Nyama ya namna hiyo ina hila. Ukiitazama mbichi utadhani italisha kijiji. Ikikaa motoni inanywea, na mfupa nao hauliwi. Mizani aliliweka hilo akilini alipokwenda buchani kuagiza kilo ishirini.

"Watu wangapi?" muuza nyama aliuliza huku akinoa kisu.

"Arobaini."

"Pamoja na mdogo wako wa kule mbali na watoto wake? Maana wale wakikaa mezani, wanakaa kweli."

"Hao hawaji."

Maneno yalimtoka kirahisi, kama ya mtu aliyekwisha kuyazoea. Muuza nyama akacheka, akaanza kukata. Mizani akageuka kutazama barabara, maana uso ulikuwa umeanza kumpanda joto.

Ukweli ni kwamba hakuwaita.

Mwaka uliopita huyo mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alimpigia simu. Binti yake wa kwanza alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa Mizani, naye akaomba binti akae kwa shangazi yake. Mizani akajibu kwamba nyumba imejaa. Haikuwa imejaa. Kulikuwa na chumba cha nyuma chenye meza ya kupigia pasi na baiskeli ya mazoezi, ile ambayo mume wake aliipanda siku moja akaugua kiuno wiki nzima. Alikataa tu kwa sababu hakutaka usumbufu wa mtu mwingine ndani. Mdogo wake hakugomba. Alisema, "Sawa, dada. Nashukuru," akakata simu. Angegomba ingekuwa nafuu. Ule upole wake ndio uliomkaa Mizani kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu hapo aliona haya kuzungumza naye. Ulipofika wakati wa kuwaalika watu, aliishika simu akaiweka, akasema kesho. Ilipofika kesho akasema kesho tena. Mama alipouliza, alijisikia akijibu, "Amesema kazi zimembana." Mama, aliyeishi kwa Mizani, alikuwa mzito wa kusikia, na kwake simu ilikuwa kelele tupu, kwa hiyo habari za watoto wote zilimfikia kwa kinywa cha Mizani. Aliamini.

Siku yenyewe, jua lilipokuwa limekwisha kuchomoza vizuri, masufuria mawili makubwa yalikuwa yakitokota taratibu nyuma ya nyumba. Mama akatoka ndani na kigoda chake, akakaa karibu na moto. Akasema, "Mwanangu, utanitengea sahani moja pembeni."

"Ya nani, mama?" Mizani aliuliza kwa sauti ya kusikika.

"Ya mdogo wako. Najua haji. Mimi nitaifunika tu, niione ipo." Akajikunja kwenye khanga yake. "Nimekuwa nikijiuliza nilimkosea nini. Nimerudi nyuma mpaka utoto wake, natafuta sioni. Labda nilimpiga siku fulani nikasahau."

Mizani aliinama juu ya sufuria akajifanya anaonja mchuzi. Alikuwa amejiandaa mama akasirike, amlaumu mtoto asiye na adabu. Hakuwa amejiandaa mama ajilaumu mwenyewe. Akaweka mwiko chini, akazunguka nyuma ya tangi la maji, akapiga simu.

"Leo ni sherehe ya mama," alisema. "Sikukwambia. Naomba mje."

"Leo?" Sauti ya mdogo wake ilikatika kidogo. "Dada, unaniambia leo?"

"Leo."

"Mama anajua kwamba hukuniambia?"

"Hajui. Nilimwambia umebanwa na kazi."

Mdogo wake akasema, "Tunakuja. Tutampitia na binti chuoni," akakata simu.

Sasa shida ikawa nyama. Walikuwa wanaongezeka watu sita, nayo ilikuwa imekaa motoni tangu alfajiri. Huwezi kutupia mbichi juu ya hiyo. Wageni wangemaliza kula nayo ingali ngumu. Njia ilikuwa moja tu, kupunguza katika kila sahani. Lakini aliyepewa upawa alikuwa wifi yake, na kumwambia apunguze kungezaa swali: kwa nini? Mizani alimsogelea mara mbili, na mara zote mbili akaishia kumuuliza kama chumvi imekolea. Mwisho akatenga sehemu yake na ya mume wake, akazificha kabatini. Mume alipouliza chakula chake kiko wapi, aliambiwa asubiri, akasubiri kwa uso wa mtu anayeonewa.

Mdogo wake alifika na mkewe na watoto wanne watu wakiwa wanajilamba vidole. Mama alimwona akiingia mlangoni, akanyanyuka bila kushikwa mkono. Alimpapasa uso kama anayempima homa. Wifi mwenye upawa akakwangua sufuria la kwanza, akakwangua la pili, akapata mifupa na mchuzi.

"Leo Mizani kapunja," mjomba mmoja alisema, na watu wakacheka.

Mizani akatoa zile sahani mbili pamoja na ile mama aliyoifunika, watu sita wakagawana. Binti wa uuguzi aliwasukumia wadogo zake nyama, yeye akachovya mkate kwenye mchuzi.

"Mbona mmechelewa hivi?" mama aliuliza.

"Kosa langu, mama," mdogo wake alijibu kwa sauti kubwa, bila kumtazama dada yake. "Dada aliniita mapema. Ni mimi niliyechelewa kuamua."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Mizani angeweza kunyamaza, na mambo yakaisha. Lakini alimwona yule binti akiifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate, akashindwa.

"Sikumwita," alisema.

Mama akatega sikio. "Unasemaje?"

Ilibidi arudie. Akavuta pumzi, akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Nasema sikumwita, mama! Nilikudanganya. Hakukataa. Nimemwambia leo asubuhi."

Mjomba mwenye mzaha akatazama kikombe chake. Mama alimwangalia Mizani kwa muda, akaishika sahani yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaigusa sana, akaiweka mbele ya yule binti. "Kula, mjukuu wangu," alisema.

Wageni walipopungua, mama alimwita, akamwambia amfungie nguo. Anakwenda kukaa kwa kitindamimba wake. Mizani akauliza kwa muda gani, mama akasema mpaka achoke. Mizani alikunja magauni, akaweka dawa za presha juu ili zisitafutwe, akaweka na sweta, ingawa hakukuwa na baridi.

Mdogo wake alibeba mfuko mpaka kwenye gari. Alipopita karibu naye alisema kwa sauti ya chini, "Usingesema, dada. Nilishalimaliza."

"Najua," alijibu. "Ndiyo maana nimesema."

Mama alikaa kiti cha mbele, akateremsha kioo. Mizani akainama, akasubiri.

"Nikitaka kurudi nitakwambia," mama alisema. "Nitakwambia mapema."

Gari likaondoka. Mizani akasimama pale mpaka mume wake akatoka kumuuliza, kwa upole, kama ndani kuna chochote cha kula.