Mikate ya Jumatano

Jamani, Profesa siku hiyo alikuwa hashikiki! Si profesa wa kweli. Ni jina alilobandikwa na baba yake, mwoka mikate, tangu alipoingia chuo kusomea takwimu. Alikuwa nyumbani likizo; alitoka chumbani mbio, kompyuta kifuani, ndala mguu mmoja.

"Mama! Mikono ya baba haina kosa!"

Maana hilo ndilo lililowakosesha raha. Muhula mzima, mara kwa mara mikate ilikuwa ikiingia tanurini imenona, inatoka imebonyea katikati. Wenye maduka wakatuma meseji za kulalamika mpaka baba akakata tamaa: mikono imezeeka, jioni hiyo angemkabidhi mdogo wake ufunguo wa bekari.

Asubuhi hiyo Profesa alikuwa amezipanga meseji zote kwenye kompyuta. Akazilinganisha na mvua: hola. Na aina ya unga: hola. Akajaribu siku za wiki, na hapo nukta za malalamiko zikajikusanya kama siafu kwenye sukari. Jumatano! Jumatano mchana hana kipindi, ndiyo siku yake ya kumpigia baba. Hata ile Ijumaa moja iliyojitenga, ni siku aliyopiga kwa kuwa alikuwa anaumwa.

Yeye na mama wakamkuta baba bekarini anakanda, unga hadi kwenye nyusi.

"Baba, nikikupigia, donge la unga huwa liko wapi?"

"Limetulia linaumuka. Nalisubiri."

"Tunaongea muda gani?"

"Si dakika mbili tatu tu, mwanangu."

"Mbili? Mimi na wewe? Tunaanza na salamu tunaishia kwa paka wa jirani! Donge linaumuka mpaka linachoka, likiona moto linalala."

Mama akaangua kicheko. "Akisikia sauti yako huyu, hata nyumba iungue hanusi!"

Baba hakucheka. Alivitazama viganja vyake kama vitu alivyomwazimisha mtu, leo vimerudishwa.

"Kumbe mikono bado yangu," akasema polepole. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo Jumatano hutapiga tena?"

"Nitapiga! Wewe usipokee mpaka mikate iingie motoni."

"Mwanangu apige, nisipokee? Hilo siliwezi. Bora ibonyee."

"Lete simu hapa," mama akadaka. "Jumatano naanza kuongea naye mimi. Umbea wangu ukiisha, mikate imeshaiva."

Jioni baba mdogo alipokuja kuchukua ufunguo, kaka yake alimtia mkononi mkate wa moto, akamgeuzia mgongo, akaendelea kukanda.